Neno la Ardcorran

Jumatano, Septemba 4. Ardcorran

Leo ni siku yangu ya tatu kazini na bado sijui niketi wapi wakati wa chai. Lodi Ardcorran hunywa chai yake amesimama dirishani, na mkubwa akisimama, aliyeketi hujiona mkosaji. Basi nami nikasimama. Tukanywa kimya, kama watu wanaosubiri jeneza litolewe ndani. Mwishowe akauliza, "Bi Gillanders, una maradhi ya mgongo?"

"Hapana, Lodi."

"Basi keti. Mimi ndiye ninayo."

Kazi yangu ni kupanga barua zake za Baraza la Mamwinyi, lile baraza la juu la Bunge, kuchapa hotuba zake kwa herufi kubwa, na kusafiri naye London Baraza linapokaa. Herufi ni kubwa kwa sababu macho yake yanafifia. Hotuba huandikwa zote, hadi "asanteni", kwa sababu ana kigugumizi. Mbele ya mtu mmoja kwa kawaida kinajificha. Mbele ya watu wengi kinamkaba koo, na asipokuwa na karatasi hapiti. Aliniambia hayo bila haya, kama mtu anayekuonyesha ngazi ipi imeoza usije ukaikanyaga.

Nimesoma historia Aberdeen miaka minne. Nilidhani nawajua watu kama yeye kabla sijamwona hata mmoja. Babu wa babu yake alisimama mbele ya kanisa letu Portnarroch, akaahidi kwamba hakuna familia itakayohamishwa bondeni. Kabla majani hayajachipua nyumba sitini zilikuwa zimechomwa mapaa, na kondoo wakawa wanalala palipokuwa na meko. Ndiyo maana hata leo kwetu mtu akivunja ahadi huambiwa: "Umetoa neno la Ardcorran." Tunasema hata kwa mtoto aliyeahidi kuosha vyombo.

Sijui kama yeye anajua.

Septemba 11

Mvua. Barua kumi na nne. Sikuona kosa hata moja, jambo linalonitia wasiwasi zaidi.

Septemba 19. Ukumbi wa Portnarroch

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye madirisha. Serikali imeleta muswada wa kufunga vyumba vidogo vya redio vya walinzi wa pwani, na chetu kimo. Sauti zote za bahari zitasikilizwa kutoka mji mmoja wa kusini kabisa, ambako hakuna aliyewahi kuona mawimbi yetu. Mama amesikiliza redio ya kile chumba miaka kumi na tisa. Akasimama na koti lake la kazi.

"Pwani hii ina visiwa vinne vinavyoitwa Kisiwa cha Mbuzi," alisema. "Mtu akizama hakupi ramani. Anapiga kelele, 'Niko Kisiwa cha Mbuzi!' basi. Mimi najua ni kipi, kwa sababu najua sauti ni ya nani, na najua ameondoka na mafuta kiasi gani, na najua mkewe amemkataza kwenda wapi. Huyo kijana wa kusini atajua nini? Atatafuta mbuzi!"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Lodi Ardcorran alisimama na kikaratasi chake. Alisoma kwamba yeye yumo upande wa serikali, lakini ataleta rekebisho dhidi ya serikali yake: chumba chochote kisifungwe mpaka kamati iliyochaguliwa na watu wa pwani hiyo wenyewe iridhie. Na kwamba atalifikisha rekebisho hilo kwenye kura, hataliondoa njiani.

Dolina Macaskill, mwenye duka, akasema kutoka nyuma, "Tuandike wapi? Hilo ni neno la Ardcorran?"

Nilimwona Lodi masikio yakimwiva. Kumbe anajua. Akakiweka kikaratasi chini, akafungua kinywa, na tukasubiri muda ambao ningeweza kufunga bahasha mbili.

"N-ndiyo," akasema. "Ndilo."

Septemba 20

Mama, akimenya viazi: "Akituangusha safari hii, mwanangu, mimi sitamlaumu. Nitakulaumu wewe. Wewe ndiye uliye karibu."

Alikuwa anatania. Nadhani.

Oktoba 7. London

Nimemjua Bibi Docherty. Alikuwa kondakta wa basi Glasgow, kisha kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mabasi. Kiti chake Barazani ni cha uhai wake tu, hakirithiwi, na anakaa upande wa upinzani. Alitukuta chumba cha chai.

"Huyu ndiye karani mpya, Mwinyi? Mbona anatetemeka? Umemlisha kulungu mbichi?"

"Anatoka Portnarroch," Lodi alisema.

"Aa, basi naelewa. Watu wa kwenu wakimwona mwinyi wanageuka kuangalia kama paa bado lipo." Akanishika bega. "Usimwogope, mwanangu. Huyu hana hata kiberiti. Unajua aliingiaje humu? Mwinyi mmoja alifariki, wenzake wakapiga kura nani ajaze nafasi. Akapata kura ishirini na saba, zote za binamu zake."

"Ishirini na nane," Lodi alisema. "Moja ilikuwa ya shemeji."

Bibi Docherty alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikujua kama inaruhusiwa kucheka.

Oktoba 9

Nilipotea kwenye korido za Baraza. Mlinzi aliniuliza naenda wapi, nikamwambia samahani.

Oktoba 16

Leo nilidhani tumeuzwa.

Rekebisho letu lilifika kwenye Kamati, hatua ya kwanza. Makarani hatuingii ukumbini. Tunakaa nyuma ya kizuizi, na hapo hata kikohozi ni utovu wa adabu. Lodi alisoma kurasa nne vizuri. Waziri akajibu kwa upole kwamba jambo hili linazingatiwa. Lodi akainuka tena, akachukua ukurasa wa tano, na kusoma: "Namshukuru Mheshimiwa Waziri. Nimesikiliza kwa makini, na kwa hayo naomba ruhusa ya Baraza kuliondoa rekebisho langu."

Ule ukurasa niliuchapa mimi mwenyewe jana kutoka kwenye mwandiko wake. Nilichapa maneno bila kuyaelewa, kama mtu anayenakili dawa asiyojua inatibu nini.

Mwenyekiti akauliza kama Baraza linaridhia liondolewe. Kimya. Likaondolewa.

Nilikuwa nimekaa nje ya ukumbi nikiwaza nitamwambia nini Mama, Bibi Docherty alipopita. "Nani kafa?"

"Ameliondoa, Mheshimiwa. Aliahidi mbele ya watu."

"Mwanangu, humu hatua ya kwanza ni ya kubisha hodi tu. Unabisha, wanakwambia nani huyo, unasema samahani, unaondoka. Kila mtu anaondoa. Ni adabu ya humu. Mimi ilinichukua miaka miwili kuizoea, kwetu kwenye mabasi ukibisha unaingia. Hatua inayofuata, mwezi ujao, ndiyo ya kuvunja mlango. Akiliondoa huko, hapo ndipo ulie."

Nikampigia Mama kumweleza. Akasema, "Mimi nitaelewa. Dolina hataelewa."

Oktoba 24. Ardcorran

Kulungu madume wananguruma mlimani tangu asubuhi, na mvua inapiga kwa ubavu. Lodi alikuwa akinisomea majibu ya barua, kisha akaacha katikati.

"Unajua kwamba kufikia Krismasi tutakuwa tumetolewa? Wote tuliorithi."

Nilijua. Muswada wa kuwaondoa ulishapita.

"Ni haki," alisema. "Mtu hastahili kutunga sheria kwa sababu tu babu yake alijua kumshika farasi wa mfalme. Nitawapigia makofi wakinitoa." Akafuta dirisha kwa mkono wa sweta, kiwiko chake kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. "Lakini miaka ishirini na miwili nimekaa pale, Bi Gillanders, nikiomba ruhusa kuondoa. Ningependa kutoka nikiwa nimebakiza jambo moja."

Historia niliyosoma haikuwa na sweta lililoshonwa. Nimekuwa nikifikiria hilo tangu asubuhi na sijui nilifanyie nini. Mtu anaweza kuwa na haya ya kweli na bado mapaa yalichomwa.

Oktoba 25

Mvua.

Novemba 5. London

Lodi Thurlby amekuja ofisini kwetu. Yeye ni mnadhimu wa chama, kazi yake kuhakikisha kila mmoja wa upande wetu anapiga kura inavyotakiwa. Ananukia sabuni nzuri, na hasemi jambo lolote moja kwa moja. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu ndogo kona ya chumba. Hakuniona, au aliniona kama anavyoona kabati.

"Kaka, tunasikitika kuwapoteza nyinyi wazee," alisema. "Ila unajua, itatoka orodha. Wachache watabakishwa kwa maisha yao. Watu wenye busara. Jina lako linatajwatajwa."

"N-nashukuru."

"Hicho kirekebisho chako cha redio. Umeshasikika, watu wa kwenu wamekuona. Sasa, tarehe kumi na tisa, likirudi Barazani, ungesimama, ukasema maneno yako mazuri, ukaliondoa kiungwana kama kawaida, kila mtu angeenda kunywa chai na amani."

Lodi alizisogeza karatasi zake mezani. Kisha akasema, "Nitafikiri."

Kwa nini hakusema hapana? Neno "hapana" halina herufi inayomshinda. Nimemsikia akilitamka mara nyingi, hata kwa mbwa.

Novemba 6

Sikumuuliza.

Novemba 7

Sikumuuliza. Mama aliuliza kwenye simu kama kila kitu kiko sawa. Nikasema mvua ni nyingi.

Novemba 12

Amenipa hotuba ya tarehe kumi na tisa. Kurasa nne za kwanza ni zilezile za Oktoba, hazina mabadiliko. Ukurasa wa tano ni mpya: "Namshukuru Mheshimiwa Waziri. Nimesikiliza kwa makini, lakini sikuridhika, na naomba kujua rai ya Baraza kwa kura."

Nilisoma sentensi ile mara tatu, nikaona aibu kwa siku saba nilizomshuku. Nikathubutu: "Lodi, ulimwambia Lodi Thurlby utafikiri."

"Nami nimefikiri," alisema. "Mtu akikuletea zawadi, hata yenye sumu, humrudishii mlangoni. Ndivyo tulivyolelewa. Ni malezi mabaya, nadhani."

Novemba 18

Nimechapa zote. Nimeweka pia ya Oktoba mwishoni mwa faili lilelile la kijani, ikiwa atataka kurejea alichosema. Nimekagua mara nne.

Novemba 19

Nitaandika yote kwa mpangilio, kwa sababu nisipoandika kwa mpangilio nitaanza kujitetea.

Rekebisho letu lilikuwa la tatu. Yale mawili ya mbele yalikwenda haraka kuliko ilivyotarajiwa, na saa tisa na robo alasiri mhudumu alikuja mbio kusema tunaitwa. Ikiitwa hoja na mwenyewe hayumo, imekufa. Tulikimbia. Lodi ana miaka sabini na moja na mgongo mbovu, na alikimbia. Kwenye kona ya maktaba niligongana na mtu, faili likaanguka, karatasi zikatawanyika sakafuni. Nikaziokota kwa magoti. Nikazipanga kwa namba: moja, mbili, tatu, nne, tano. Nyingine nikazisukumiza nyuma. Nikampa faili mlangoni.

Kurasa za tano zilikuwa mbili. Zote zinaanza "Namshukuru Mheshimiwa Waziri. Nimesikiliza kwa makini." Mimi niliangalia namba.

Alisoma kurasa nne vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Alipofika kwenye visiwa vinne vya Mbuzi, hata upande wa serikali walicheka, na kicheko kile kilikuwa cha watu waliokubali. Bibi Docherty alimuunga mkono. Waziri akajibu, safari hii bila upole mwingi.

Lodi akainuka. Akauchukua ukurasa wa tano, akauleta karibu na macho. Akasoma: "Namshukuru Mheshimiwa Waziri. Nimesikiliza kwa makini, na kwa hayo naomba ruhusa ya Baraza kuliondoa rekebisho langu."

Midomo yake iliisema kwa sababu imeisema miaka ishirini na miwili. Akaketi nusu. Kisha nikamwona ameelewa. Akasimama tena wima, akaitazama karatasi, akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Shingo ilimsimama mishipa. Mkono ulishika kiti cha mbele. Alikuwa akipigana na sauti moja tu, ya kwanza, sijui ya neno gani, na kila mtu alidhani amekwisha kusema na anasimama kwa uzee. Kule nyuma Lodi Thurlby alitikisa kichwa polepole, kwa kuridhika, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzito hatimaye amepata jibu.

Nami nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nyuma ya kizuizi, na sauti yangu nzima. Ningeweza kupiga kelele. Wangenitoa nje na kunifukuza humo daima, na isingesaidia kitu kisheria, lakini ningeweza. Nilikaa. Nilijishika mdomo kwa mikono miwili. Nataka jambo hilo liandikwe.

Mwenyekiti akauliza, "Je, ni ridhaa ya Baraza kwamba rekebisho liondolewe?"

Hilo huulizwa mara ishirini kwa siku na hujibiwa na kimya. Mwenyekiti alikwisha kugeuza karatasi.

"Hapana!"

Bibi Docherty alikuwa amesimama, mkoba wake umeanguka.

Watu waligeuka. Mwenyekiti akatazama makarani wa Baraza wanaokaa mezani mbele yake. Wakanong'ona. Kisha nikajifunza kanuni ambayo nilipaswa kuijua: mwenye hoja anaomba ruhusa, na ruhusa lazima iwe ya wote. Sauti moja ikikataa, hoja haiondoki. Lazima iamuliwe.

Kengele za kura zililia dakika nane. Wanaoridhia rekebisho walipita mlango wao, wasioridhia wao. Lodi alipita mlango wa wanaoridhia peke yake katikati ya upinzani, mweupe kama chokaa, na hakuna aliyemsemesha.

Wanaoridhia mia moja sabini na mmoja. Wasioridhia mia moja sitini na sita.

Tumeshinda. Chumba cha redio kimeokoka kwa kura tano.

Nilimkuta ofisini, karatasi zote mbili za tano ziko mezani mbele yake, sambamba. Nilianza kusema. Akainua mkono.

"Hili halitatoka nje ya chumba hiki," alisema. "Una miaka ishirini na minne. Karani aliyechanganya karatasi siku ya kura hapati kazi tena katika mji huu, wala Edinburgh. Mimi natoka Krismasi, hata iweje."

"Lakini watasema—"

"Wacha waseme. Ni amri, Bi Gillanders. Sikupi nyingi."

Novemba 20

Wamesema. Gazeti moja: "Mwinyi alegea, kondakta aokoa." Jingine limeandika kwamba alibadilika baada ya kuahidiwa kiti cha maisha. Kwa hiyo maneno ya Thurlby yalivuja. Mama alipiga simu saa mbili asubuhi, furaha tele. Wanampelekea Bibi Docherty sanduku la samaki wa moshi. Kisha akasema, "Na huyo wako! Damu haipotei, mwanangu. Karne mbili, neno lilelile."

Nikasema, "Mama."

"Nini?"

Nikasema mvua ni nyingi hapa pia.

Novemba 22

Bibi Docherty alinikamata kwenye ngazi. "Sasa niambie. Nilikaa mezani na mabwana wa mabasi miaka thelathini. Sura ya mtu aliyenunuliwa naijua, huwa inatazama pembeni. Yule alikuwa anapigana na mdomo wake mwenyewe. Alisoma nini, karatasi ya zamani?"

Machozi yalinijibia.

"Loo. Na amekukataza kusema."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Jinga kubwa la kiungwana." Akanipa kitambaa chake. "Watu wa aina yake hujiona wamefanya wema wakibeba mzigo wako, hawakuulizi kama ulitaka ubebwe. Mimi sikwambii ufanye nini. Ila ukibebwa muda mrefu, mwanangu, miguu husahau."

Novemba 27

Orodha ya watakaobakishwa imetoka. Hayumo. Chama chake kinaamini alipanga mchezo ule na Bibi Docherty. Kijiji kinaamini aliuza. Pande mbili zinamchukia kwa sababu mbili zinazopingana, na sababu zote ni karatasi yangu.

Alisoma orodha, akasema, "Chai?"

Desemba 3

Wabunge wa kuchaguliwa wamelikubali rekebisho bila mabishano. Ni sheria sasa. Mama amebaki kazini.

Desemba 5. Ardcorran

Theluji ya kwanza. Dukani Dolina Macaskill alimhudumia Lodi bila kumtazama, akaweka mkate wake juu ya kaunta, si mkononi. Yeye alisema asante. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni na nilinunua stempu ambazo sikuzihitaji.

Desemba 6

Niwaambie ukweli leo? Hapana.

Desemba 9

Nimeandika barua kwa gazeti la wilaya kueleza yote. Nimeichana. Barua inaweza kusubiri, ndiyo ubaya wake.

Desemba 14. Ukumbi wa Portnarroch

Mchana huu ulikuwa mkutano wa kuchagua kamati ya chumba cha redio, ile inayotakiwa na sheria. Watu saba, kwa kunyoosha mikono. Lodi alikuja kama mkazi mwingine yeyote. Kawaida akiingia, mtu humsogezea kikombe. Leo hakuna aliyemsogezea. Alisimama karibu na makoti.

Sita walipatikana haraka, Mama akiwa wa kwanza. Ilipobaki nafasi moja, mtu akasema kwa kejeli, "Tumpe Ardcorran, aiondoe kamati!" Wakacheka. Kicheko kile kilipita juu ya vichwa na kumfikia kule kwenye makoti, naye akatabasamu kwa adabu.

Sikuamua kusimama. Niliona tu kwamba magoti yangu yamenyooka.

"Ni mimi," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Karatasi zilikuwa zangu. Nilizidondosha, nikazipanga vibaya, nikampa ukurasa wa Oktoba. Yake iliandikwa tupige kura. Niliichapa mimi, ninayo hapa." Niliinyoosha juu. "Alisoma nilichompa. Alipojaribu kusahihisha, kigugumizi kilimkaba. Mimi nilikuwa naweza kusema, na nilinyamaza. Nimenyamaza siku ishirini na tano."

Dolina Macaskill alikuja mbele, akaichukua karatasi, akavaa miwani, akaisoma yote midomo ikicheza. Akageuka kwenye makoti.

"Na wewe ulikuwa umenyamazia nini, mwanamume wewe? Tumekununia mwezi mzima!"

Alifungua kinywa. Tulisubiri. Safari hii ukumbi mzima ulijua unasubiri nini, na hakuna aliyekohoa.

"N-nilimpa n-neno," alisema.

Dolina akavua miwani. "Basi namtaja yeye kwa nafasi ya saba," akasema. "Anyooshe anayetaka."

Nilihesabu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Thelathini na moja walitaka. Ishirini na wawili walikataa, na Mama alikuwa mmoja wao, mkono juu kabisa. Alipopita kando yangu alisema, "Mtu anayesoma kitu kabla hajakitazama siwezi kumkabidhi redio." Kisha akanifunga kitufe cha juu cha koti kama mtoto, kwa nguvu kupita kiasi, akaenda kupanga viti.

Nje theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka. Nilimwambia Lodi kwamba nimevunja amri yake na kwamba naweza kuondoka mwisho wa wiki.

Alikuwa akivaa glavu na kufikiria jambo jingine.

"Ishirini na wawili," alisema.

"Ndiyo, Lodi."

"Unawajua?"

"Kwa majina, wote."

"Niandikie orodha Jumatatu, na nyumba wanazokaa. Nitawapitia mmoja mmoja, niwaulize kwa nini. Ndivyo wanavyofanya, sivyo? Wale wa kuchaguliwa?"

Nikamwambia sijui. Sijawahi kumfanyia kazi hata mmoja.